SIMU YAKO, IMEILI YA NANI?

Kuna watu hapa Dar wanajua bei ya simu zao mpaka shilingi ya mwisho, wanajua ina kamera ngapi na kioo cha aina gani. Lakini waulize imeili iliyomo ndani ya simu hiyo ni ipi. Kimya! Mwingine atakujibu kwa maringo kabisa, "Mimi sina imeili bwana, hayo mambo ya watu wa ofisini." Huyo huyo kila siku anashusha programu kutoka Play Store, na namba za watu wake wote zimehifadhiwa Google. Sasa mpenzi msomaji, kama wewe huna imeili, hiyo inayofanya kazi humo ndani ni ya nani?

Wiki hii nimeona tulizungumze hili, maana linaliza watu. Mimi si fundi wala sikusomea kompyuta, niliishia kidato cha nne kama wengi wenu. Ila kibanda cha fundi simu kiko hatua chache toka ninapoishi, na pale ndipo kijiwe chetu cha jioni. Nimekaa pale vya kutosha kuwasikia wateja na vilio vyao. Nilichokiona ni kwamba matatizo ya simu na kompyuta yako mafungu mawili. Fungu la kwanza unaweza kulimaliza mwenyewe ukiwa umekaa kitandani, hela yako ikabaki mfukoni. Fungu la pili hata fundi bingwa wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, anaweza kukuinulia mikono, kwa sababu ugonjwa hauko ndani ya simu. Uko kwenye akaunti ambayo ufunguo wake huna.

Tuanze na mepesi.

YA KUMALIZA MWENYEWE

Simu haiingizi chaji. Kabla hujaambiwa ubadilishe mfumo wa chaji, badilisha kwanza waya, kisha kichwa cha chaja, kisha soketi ya ukutani. Ikigoma, izime halafu mulika tochi kwenye tundu la chaji. Mara nyingi utakuta nyuzi za jinzi na vumbi la mfukoni vimeshindiliwa humo mpaka waya haufiki mwisho. Chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mti, usitumie sindano wala pini. Ila ukiona mgongo wa simu umetuna, hapo betri imevimba. Acha kuchaji, usiitoboe wala kuikandamiza irudi, huo mzigo mpelekee fundi.

Simu imeingia maji. Izime haraka, toa laini, ifute, isimamishe tundu la chaji likitazama chini, iache mahali penye hewa. Usiiguse na chaji mpaka ikauke kabisa. Habari ya kuifukia kwenye mchele achana nayo. Apple wenyewe kwenye maelekezo yao ya mwaka 2024 waliwaambia wateja wasifanye hivyo, kwa sababu chembechembe za mchele zinaweza kuiharibu simu. Mchele upike, ule.

Bando lipo lakini intaneti haifunguki. Washa ile alama ya ndege, hesabu mpaka 10, izime. Bado? Zima simu na kuiwasha. Bado tu? Angalia tarehe na saa. Watu wengi hawajui kwamba simu au kompyuta ambayo tarehe yake imerudi nyuma hukataliwa na tovuti nyingi, kwa sababu tovuti hizo zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Na kama una kompyuta ya mezani ambayo kila ukiiwasha asubuhi tarehe imerudi miaka kadhaa nyuma, mara nyingi tatizo ni kabetri kadogo ka duara kilichomo ndani, kanaitwa CR2032. Kabadilishe, mchezo umekwisha.

Memori imejaa, simu inaganda. Hapa usikimbilie kushusha programu za "kusafisha simu". Nyingi zinakuletea matangazo tu na kuongeza mzigo. Adui mkubwa yuko WhatsApp. Ingia setingi za WhatsApp, nenda sehemu ya hifadhi na data, kisha pale pa kudhibiti hifadhi. Utapangiwa kila grupu na uzito wake. Utashangaa! Grupu la kamati ya harusi iliyokwisha mwaka juzi bado limekalia simu yako, pamoja na video za vichekesho na picha za "asubuhi njema" za shangazi. Futa zile nzito, halafu zima ile tabia ya simu kushusha picha na video zenyewe bila kukuuliza.

Usilichukulie hili la memori kama jambo dogo. Google humpa kila mtu GB 15 za bure, na hizo zinatumiwa kwa pamoja na Gmail, Drive na Photos. Mwaka 2024 bakapu ya WhatsApp kwenye simu za Android nayo ilianza kuhesabiwa humo humo. Maana yake nini? Video za grupu la harusi zinaingia kwenye bakapu, bakapu inajaza GB 15, na zikishajaa imeili haziingii tena. Aliyekuandikia anarudishiwa barua yake. Wewe unakaa nyumbani ukilalamika kwamba ulituma maombi ya kazi sehemu kumi na hakuna aliyekujibu, kumbe kuna mtu alikuita kwenye usaili na barua ikagonga mwamba. Na mwamba wenyewe ni video za MC.

FLASHI ILIYOLIWA NA VIRUSI

Hii ni kwa wale wa steshenari. Umeenda kuchapisha vyeti, umechomeka flashi kwenye kompyuta inayochomekwa flashi za mtaa mzima. Ukirudi nyumbani folda zote zimegeuka vishale, yaani shotikati, na ukizibonyeza hazifunguki au zinafungua kitu cha ajabu. Unaanza kulia kwamba vyeti vimepotea.

Tuliza boli. Mara nyingi havijapotea, virusi vimevificha tu. Usibonyeze zile shotikati, maana ndizo zinazosambaza ugonjwa. Kwanza ipitishe flashi kwenye programu ya kukagua virusi (Windows za siku hizi zinakuja nayo tayari). Kisha angalia flashi yako imepewa herufi gani, tuseme ni E. Fungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, yaani tafuta neno cmd kwenye kompyuta, halafu andika hivi: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Subiri kidogo. Folda zako zitajitokeza kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango. Hamishia mafaili yako kwenye kompyuta, kisha futa shotikati zote.

Hadi hapo sijakwambia kitu kikubwa. Sasa tuje kwenye kasheshe yenyewe.

BALAA LA IMEILI YA DUKANI

Siku moja alikuja pale kijiweni mama mmoja muuza vitenge. Mtoto wake alikuwa amechezea simu mpaka mchoro wa kufungulia ukakataa. Mpwa wake, kijana mjuaji, akaizima na kubonyeza vile vitufe vya pembeni, akairisetia huko huko. Simu ikawaka ikiwa mpya kabisa. Mama akafurahi. Lakini kufika mbele kidogo, simu ikadai imeili iliyokuwemo mwanzo.

"Mama, imeili yako unaikumbuka?" fundi akamuuliza.

"Imeili ndiyo nini mwanangu?"

"Siku unanunua hii simu, nani alikuwashia?"

"Yule kijana wa dukani. Aliniandikia kila kitu pale pale, akaniambia mama simu tayari, wewe piga."

Fundi akaguna. Mimi nilishajua kinachofuata. Mama akapiga simu dukani kwa simu ya kuazima. Akaambiwa yule kijana alishaacha kazi zamani, na hakuna anayejua aliandika jina gani wala paswedi gani. Kwa kawaida vijana hawa hubuni chochote ili mteja aondoke haraka na mwingine ahudumiwe.

Ile loki haikuwekwa ili kumkomoa mama wa watu. Google waliianzisha kwenye Android 5.1 mwaka 2015 ili mwizi akiiba simu na kuiriseti, asiweze kuitumia. Apple walikuwa wameshaweka ya kwao tangu iOS 7, mwaka 2013. Ni kinga nzuri. Tatizo ni kwamba simu haina macho ya kumtambua mama mwenye risiti na mwizi wa daladala. Kwake yeye, asiyejua paswedi ni mwizi.

Simu ile ingeweza kufunguliwa, maana mwenye risiti anaweza kuomba msaada kwenye kituo cha huduma cha kampuni iliyoitengeneza. Lakini mama hakuwa analilia simu. Alikuwa analilia namba za wateja wake wa Tunduma na Mbeya, na picha za daftari lake la madeni alizokuwa akipiga kila jioni, kwa sababu daftari lenyewe lilishaloa mvua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama alikuwa nalo daftari! Inawezekana kabisa namba zote na picha zote ziko salama huko Google mpaka leo, hakuna hata moja iliyofutika. Ila mlango una ufunguo wa mtu asiyejulikana.

Ndiyo maana nasema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Imeili uliyofunguliwa na mtu mwingine, ambayo paswedi yake huijui na namba ya kuirudishia si yako, siku ya shida itakuacha wazi mbele za watu.

Na si wamama tu. Nyie vijana wenzangu mnaoomba mkopo wa HESLB au kazi kwenye Ajira Portal, wangapi mmefunguliwa imeili na dada wa steshenari? Alikuandikia paswedi kwenye kikaratasi, kikaratasi kikafuliwa na suruali. Mwaka unaofuata ukitaka kuingia unaambiwa kodi imetumwa kwenye namba inayoishia na tarakimu ambazo huzijui. Hiyo ni namba ya dada wa steshenari. Simlaumu, alikuwa anakusaidia na foleni ilikuwa ndefu. Lakini maisha yako umeyaacha kaunta kwake.

JINSI YA KUICHUKUA KABLA HAIJAKUKATAA

Habari njema ni hii: kama simu bado inafunguka, muda unao. Fungua Play Store, bonyeza kile kiduara cha picha juu kulia. Anwani utakayoiona ndiyo imeili yako, hata kama imeandikwa jina usilolijua. Iandike kwenye karatasi.

Kisha ingia kwenye setingi za akaunti ya Google, sehemu ya usalama. Angalia namba ya simu iliyowekwa. Kama si yako, weka yako. Halafu badilisha paswedi. Ikikuuliza paswedi ya zamani na huijui, chagua kwamba umesahau. Kwa kuwa simu tayari imo ndani ya akaunti, mara nyingi Google hukubali kukuthibitisha kwa ile loki unayofungulia kioo. Jaribu ukitumia simu ile ile na ukiwa mahali unapoishi siku zote, maana Google hutazama pia kifaa na mahali ulipo. Ukienda kujaribu kwenye kompyuta ya mtu wa mtaa wa pili, inakuona mgeni.

Imekataa kabisa? Usikate tamaa, na wala usiiriseti simu! Fungua imeili mpya ya kwako mwenyewe, iingize kwenye simu hiyo hiyo, hamishia huko namba na picha, ielekeze bakapu ya WhatsApp kwenye akaunti mpya. Ukishahakikisha vyote vimehama, ndipo uitoe ile ya zamani.

Na ukinunua simu iliyotumika, usitoe hela kabla mwenyewe hajatoa akaunti yake mbele ya macho yako na kuiriseti kupitia setingi. Akikwambia "tutaitoa baadaye mshikaji", jua unaingizwa mjini.

LAINI YA SHEMEJI

Imeili ni mlango mmoja. Mlango wa pili ni namba ya simu, kwa sababu kila akaunti siku hizi hutuma namba za uhakiki kwa meseji. Sasa jiulize, laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani?

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019 hapa Tanzania, na wakati ule ambao vitambulisho vya NIDA vilikuwa havijawafikia wote, wengi walisajiliwa kwa vidole vya ndugu na marafiki. Kuna dada namfahamu laini yake ilisajiliwa kwa kidole cha mchumba. Uchumba ukafa. Simu ikaibiwa. Kurudisha laini lazima mwenye kidole aende mwenyewe, na mwenye kidole ameshaoa kwingine na hapokei simu. Dada wa watu akapoteza WhatsApp, akapoteza Instagram aliyokuwa akiuzia mikoba, kwa mkupuo mmoja.

Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama hii unayotumia haimo, mwombe mwenye jina muende pamoja dukani kwa mtandao wenu kubadilisha umiliki wakati bado mnasalimiana. Na kama kuna namba usiyoijua humo, iripoti, maana kuna mtu anatembea na jina lako. Vile vile laini ya zamani uliyoitupa kabatini usiiache ikiwa imefungamana na akaunti zako. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Huyo ndiye atakayekuwa anapokea namba zako za siri.

WHATSAPP IKITEKWA

Ile meseji ya "ile hela nitumie kwenye namba hii" sote tunaijua, tumeshaizoea hata kuichekea. Lakini ikitoka kwenye WhatsApp ya dada yako mwenyewe, yenye picha yake, hapo utacheka? Utatuma.

Matapeli wanafanya hivi. Wanaandika namba yako kwenye simu yao, WhatsApp inakutumia wewe tarakimu 6. Halafu unaandikiwa na rafiki yako (ambaye naye ameshatekwa): "Samahani, nimetuma namba kwako kwa makosa, nirudishie." Ukirudisha, umekwisha. Siku hizi wana na njia nyingine ya herufi na tarakimu 8, ile ya kuunganisha kifaa. Ukiiingiza kwenye simu yako, tapeli anasoma meseji zako kwenye kompyuta yake na wewe WhatsApp yako inafanya kazi kama kawaida. Hushtuki.

Ukishatekwa, usikimbilie wale wanaojitangaza kwamba wanarudisha akaunti kwa hela. Wengi wao ni matapeli wa awamu ya pili. Fanya hivi: fungua WhatsApp, jiandikishe upya kwa namba yako, subiri tarakimu 6 zije kwenye laini yako, ziingize. Palepale tapeli anatolewa nje. Ikikuuliza PIN ambayo huijui, ujue jamaa aliiweka yeye. Utasubiri siku 7 ndipo uingie bila PIN, lakini na yeye hayumo tena. Wakati huo wapigie simu ndugu, wapigie kwa sauti, waambie wasitume hela. Kisha angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ondoa usichokijua. Ile meseji ya kitapeli itume 15040.

Kinga yake ni dakika moja: setingi za WhatsApp, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN ya tarakimu 6 unayoijua wewe tu. Si mwaka wako wa kuzaliwa, jamani.

UKIMWACHIA FUNDI SIMU

Mafundi wengi ni waungwana, wa kwetu ni mmoja wao. Lakini ukienda kubadilisha kioo, fundi hahitaji picha zako za faragha. Toa laini na memori kadi, nenda navyo. Baadhi ya simu, kama Samsung za karibuni, zina hali maalumu ya matengenezo inayoficha vitu vyako mpaka utakapoifungua. Iwashe. Kama simu yako haina, kaa hapo hapo ukimwangalia anavyofungua skrubu. Soda utakunywa.

KAZI YA JUMAPILI

Jumapili hii, kabla mpira haujaanza, chukua daftari la karatasi. Andika imeili yako. Andika namba ya simu iliyofungamana nayo. Piga *#06#, nakili zile tarakimu 15 za IMEI, zitahitajika polisi simu ikiibiwa. Kwenye usalama wa Google omba namba za akiba, utapewa 10 za tarakimu 8, ambazo zitakuokoa siku laini haipo. Daftari liweke unapoweka cheti cha kuzaliwa, si kwenye kava la simu.

Ukimaliza ya kwako, chukua simu ya mama. Muulize taratibu, "Mama, siku unanunua hii simu, nani alikuwashia?"